Bwawa la Nairobi halitapona kwa tingatinga pekee

KATIKA Kiswahili neno kizingiti lina maana mbili ambazo yafaa zikumbukwe pamoja. Maana ya kwanza ni kile kipande cha mti au cha saruji kilicho chini ya mlango, ambacho kila aingiaye nyumbani hana budi kukivuka. Maana ya pili ni ukuta au mwamba unaoukatiza mto, maji yakazuilika na kupanda hadi kimo fulani kabla ya kuuruka na kuendelea na safari yake. Kizingiti cha nyumba humhifadhi mwenye nyumba. Kizingiti cha mto nacho humnufaisha aliyekijenga, mradi akijue kinavyofanya kazi na asikipe kinyongo.

Nayasema haya kwa sababu sisi tuishio Makina, pamoja na wenzetu wa Lindi, Laini Saba, Silanga na Soweto, tunakaa juu ya kizingiti kikubwa ambacho wengi wetu hatukifikirii ila siku ya gharika. Hilo ndilo Bwawa la Nairobi, au silanga kama wasemavyo wengi, na hata kijiji kimoja cha hapa Kibera kinaitwa kwa neno hilo. Kila mvua inyeshapo Makina, maji huteremka kwa mitaro na vichochoro hadi mto Motoine, na Motoine huyapeleka bwawani. Apitaye karibu na bwawa hilo leo, asiyeijua historia yake, aweza kudhani ni shamba la magugu lililochanganyika na jaa la takataka.

Kila baada ya miaka michache husikika sauti za wakubwa zikiapa kulifufua. Maoni yangu ni kwamba viapo hivyo havitazaa matunda maadamu dawa itolewayo haiulizi ugonjwa ulianzia wapi. Bwawa hili halikuuawa na udhaifu wa ukuta wake. Liliuawa na yale yatokayo juu yake, na yatokayo juu yake hayawezi kukomeshwa kwa kubomoa vibanda tu.

Tuanze na historia, kwani mkata mti hutazama kwanza unakoegemea. Bwawa la Nairobi lilijengwa mwaka 1953, mwaka mmoja tu baada ya wakoloni kutangaza Hali ya Hatari. Nia ilikuwa kuuwekea mji akiba ya maji ya kunywa. Mto uliozuiliwa ni Motoine, ambao hutoka pande za Dagoretti, ukapita msitu wa Barabara ya Ngong, ukaingia Kibera. Ukishalivuka bwawa, mto huo huo hubadilika jina ukaitwa Ngong, ukapita Eneo la Viwanda na Mukuru, ukajiunga na mto Nairobi, kisha Athi, kisha Galana, na mwishowe Sabaki unaomwaga maji yake Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Bwawa lenyewe lilitandaa kwa takriban hekta 35, na kina chake cha wastani hakikufika mita tatu.

Kibera ilikuwapo kabla ya bwawa. Wanubi, waliokuwa askari wa jeshi la King's African Rifles, waliwekwa hapa na Serikali ya kikoloni mwanzoni mwa karne ya ishirini, na mwaka 1918 ardhi hii ya ekari 4,197 ikatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya kijeshi. Makina ni mojawapo ya vijiji vyao vya asili. Askari hao waliruhusiwa kukaa bali hawakupewa hati. Iliwabidi wajukuu na vitukuu vyao wangoje hadi mwaka 2017, ndipo Rais Uhuru Kenyatta akawakabidhi hati ya ekari 288. Nalitaja jambo hili kwa makusudi. Kwa karibu miaka mia moja watu walikaa mahali ambapo kwa mujibu wa vitabu vya Serikali hawakuwa na haki ya kukaa, na mahali ambapo mtu hana haki ya kukaa hapapelekwi bomba la majitaka.

Kwa upande mwingine, mji wenyewe uliliacha bwawa mapema. Nairobi ilizaliwa na reli iliyofika hapa mwaka 1899, na tangu siku hizo imekuwa ikifuata maji mbali zaidi na zaidi. Ilianza na mto ulio jirani, ikaenda chemchemi za Kikuyu, ikaenda Ruiru, kisha mwaka 1956 ikajenga bwawa la Sasumua katika safu za Aberdare. Mwaka 1994 likakamilika bwawa la Ndakaini huko Murang'a, lenye uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo milioni 70. Mji ulipopata maji safi kutoka milimani, Bwawa la Nairobi likaachwa kuwa mahali pa burudani. Palikuwa na klabu ya mashua za matanga, na watu walikuja kuvua samaki na kupunga upepo.

Hapo ndipo palipo kiini cha hoja yangu. Ulinzi wa maji hufuata vinywa vya wanaoyanywa. Wenye sauti walipoacha kunywa maji ya Motoine, waliacha pia kuuliza ni nini kinachoingia ndani yake. Ndakaini ina walinzi, ina wahandisi, na kina chake hutangazwa magazetini kila ukame unapobisha hodi. Je, ni lini mara ya mwisho msomaji aliposoma kina cha Bwawa la Nairobi?

Sasa tutazame jinsi kizingiti cha mto kinavyofanya kazi, jambo ambalo naamini kila mwanafunzi wa Kibera anapaswa kulijua kama ajuavyo jedwali la kuzidisha. Wanafunzi wa jiografia husoma habari za Mfereji wa Panama, uliofunguliwa mwaka 1914, ambako meli huingia kati ya malango mawili, maji yakafunguliwa, nayo ikainuliwa hatua kwa hatua hadi kiasi cha mita 26 juu ya usawa wa bahari. Hao husomea malango ya nchi za mbali, ilhali kanuni iyo hiyo ya kuzuia, kuinua na kuachilia maji inaonekana umbali wa dakika chache kutoka madarasani mwao.

Tena si Kibera peke yake. Ziwa Victoria lenyewe lilikuwa na kizingiti cha mwamba huko Jinja, mahali mto Nile unapoanzia, palipoitwa maporomoko ya Ripon. Bwawa la Owen lilipofunguliwa mwaka 1954, mwaka mmoja baada ya bwawa letu, mwamba huo ulifunikwa na maji na kazi yake ikachukuliwa na milango ya chuma. Huko Mwea nako, maji ya mito Thiba na Nyamindi huzuiliwa kwa vizingiti yakaelekezwa katika mifereji ya mashamba ya mpunga, na wali tulao hapa Makina siku ya harusi au ya Idi mara nyingi ni matunda ya vizingiti hivyo.

Kizingiti hufanya mambo matatu kwa wakati mmoja. Kwanza, huinua kimo cha maji upande wa juu. Pili, huyapunguza maji mwendo. Tatu, huamua ni maji kiasi gani yatapita kuelekea chini. Kila jambo kati ya haya lina faida yake na hatari yake.

Chukua hilo la mwendo. Maji yaendayo kasi hubeba mchanga, udongo na uchafu. Yakifika bwawani hupoa, na mzigo wote huanguka chini. Kwa hivyo kila bwawa duniani, hata liwe limejengwa kwa ustadi wa namna gani, hujaa tope polepole. Swali pekee ni kama litajaa kwa miaka mia tatu au kwa miaka thelathini. Jibu la swali hilo haliko ukutani. Liko katika mashamba, misitu, barabara na vyoo vilivyo juu ya mto. Bwawa lenye kina kisichofika mita tatu halina nafasi ya kusamehe makosa mengi.

Chukua pia hilo la maji yapitayo juu ya kizingiti. Wahandisi wana kanuni iliyo rahisi kueleweka: katika kizingiti kipana, kina cha maji yapitayo juu yake kikiongezeka maradufu, kiasi cha maji yanayopita hakiongezeki maradufu tu, bali huongezeka karibu mara tatu. Ndiyo maana mto uliokuwa mpole saa kumi jioni huweza kuwa simba saa moja usiku. Mwalimu wa hisabati aliye na ubao, misumari na mfereji mdogo wa shule aweza kuwathibitishia wanafunzi wake kanuni hii kwa asubuhi moja.

Nao watoto wakipenda kujua maji hayo yanatoka wapi, na wapige hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Chumba cha kawaida cha hapa kwetu, cha futi kumi kwa kumi, kina paa la mabati la mita za mraba zipatazo tisa. Mvua ya milimita 50, ambayo si ajabu katika siku moja ya masika, huteremsha lita 450 kutoka paa hilo moja. Kibera yote ina ukubwa wa takriban kilomita mbili na nusu za mraba, na mvua hiyo hiyo huiangushia lita milioni 125. Zamani msitu uliyanywa maji mengi ya namna hiyo. Siku hizi yakutana na mabati na ardhi iliyokanyagwa ikawa ngumu kama sakafu, nayo hukimbia yote kwa pamoja kuelekea mtoni.

Aidha, maji hayo hayakimbii peke yake. Huchukua mifuko ya plastiki, majivu, maganda na vinyesi. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu wapatao 170,000 katika Kibera, na wako wasemao kuwa idadi ni kubwa kuliko hiyo. Hata tukishika hesabu hiyo ndogo, watu wengi kiasi hicho wakikosa choo kilichounganishwa na bomba la majitaka, mto ndio hugeuka bomba. Vinyesi hivyo ni mbolea, na mbolea ikiingia katika maji yaliyotulia hulisha magugu maji, ambayo hutandaa yakazuia mwanga na hewa, samaki wakafa, nayo magugu yakifa huoza na kuongeza tope. Hivyo ndivyo mahali palipokuwa na matanga palivyokuja kuwa bustani ya magugu, na watu wakalima mboga juu ya tope hilo.

Yuko atakayesema kwamba huo ni uchafu tu, na kwamba watu wamezoea. Sivyo. Bwawa lililojaa tope halina tumbo la kupokea mafuriko. Na ikiwa njia ya kumwagia maji ya ziada imezibwa na takataka, maji hutafuta njia nyingine. Katika mabwawa yenye tuta la udongo, njia hiyo huwa ni juu ya tuta lenyewe, nalo likianza kumomonyoka halingoji mtu apige simu. Wakenya hatuhitaji kusimuliwa hadithi za ng'ambo kuhusu jambo hili. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la Patel lilipasuka huko Solai, Nakuru, likaua watu zaidi ya 40. Mwezi Aprili 2024, karibu na Mai Mahiu, maji yalikusanyika nyuma ya tuta la reli baada ya shimo la kupitishia maji kuzibwa na vifusi. Hakuna aliyekuwa amejenga bwawa pale, lakini bwawa lilijijenga lenyewe, likapasuka usiku, na makumi ya watu wakaaga dunia. Somo la Mai Mahiu ni kwamba takataka katika njia ya maji ni kizingiti kisicho na mhandisi.

Ni kweli kwamba baada ya gharika hiyo ya mwaka 2024 Serikali ilichukua hatua. Wakaazi wa kando ya mito na mabwawa waliamriwa kuhama, wengine wakapewa saa 24 pekee, na tingatinga zikaingia Mathare, Mukuru na kwingineko. Mwezi Machi 2025, Rais William Ruto akazindua mpango mkubwa wa kufufua mto Nairobi. Kabla ya hapo, tangu mwaka 1999, kumekuwa na miradi ya bonde la mto Nairobi iliyoungwa mkono na shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, na marehemu John Michuki, alipokuwa waziri wa mazingira, aliivalia njuga kazi ya kuusafisha mto huo hadi bustani moja ya jijini ikapewa jina lake. Siwanyimi haki yao waliojitahidi.

Siwapingi pia wasemao kwamba kando ya mto si mahali pa kulaza mtoto. Sheria zetu zimeweka ukanda wa hifadhi wa mita sita hadi thelathini kutoka ukingo wa maji, na sheria hiyo ina hekima. Mzazi aliyejenga chumba juu ya tope la mto hahitaji kufichwa ukweli ati kwa sababu ni maskini, kwani mto haumuulizi mtu hali yake. Lakini na tujiulize kwa unyofu: nyumba za ukingoni zikiondolewa zote, vyoo vya Makina vitamwaga wapi? Maji ya mitaro ya Lindi yataelekea wapi? Maji hufuata mkondo. Mtu aliyevunjiwa chumba mita kumi kutoka mtoni akahamia mita mia nne juu yake, bila ya choo huku wala kule, hajauondolea mto chochote ila amekiongezea kinyesi chake safari.

Zaidi ya hayo, Katiba ya mwaka 2010 yasema katika kifungu cha 43 kwamba kila mtu ana haki ya kupata makao yanayofaa, kiwango kinachofaa cha usafi, na maji safi na salama ya kutosha. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Vifungu hivi ni ndugu, wala halifai kuchukuliwa kimoja kikatumiwa kukipiga kingine. Aliye Lang'ata, ng'ambo ya bwawa, ana haki ya kutovuta uvundo. Aliye Silanga ana haki ya kuwa na choo. Haki ya wa kwanza haitapatikana kamwe kabla ya haki ya wa pili, na huo si wema bali ni kanuni ya maji.

Kwa hivyo, iwapo nia ya kulifufua bwawa ni ya kweli, mpango uanzie juu ushuke chini. Kwanza yalazwe mabomba ya majitaka kandokando ya Motoine na vijito vyake, na vyoo vya umma viunganishwe nayo. Tumeshaona hapa hapa Kibera, kwa kazi za mashirika kama Umande Trust, kwamba kinyesi chaweza kukusanywa kikatoa gesi ya kupikia badala ya kutupwa mtoni. Pili, takataka zichukuliwe mlangoni kwa mlango, na vijana waifanyao kazi hiyo walipwe na Kaunti kama wafanyakazi wengine. Tatu, wanaolazimika kuhama waonyeshwe waendako kabla ya kuonyeshwa tingatinga. Hapo ndipo matope yachimbuliwe, magugu yang'olewe na njia ya kumwagia maji ikarabatiwe. Kuchimbua tope kabla ya hayo ni sawa na kukomba maji katika mtumbwi uliotoboka bila ya kuziba tundu.

Walimu wenzangu nao wana sehemu yao. Mtaala wa umilisi umetuagiza tuwatoe watoto vitabuni tuwapeleke kwenye mambo yenyewe. Tunataka maabara gani iliyo kubwa kuliko hii? Mwanafunzi wa darasa la sita aweza kupima mvua kwa kopo na rula, akaandika kila siku. Wa sekondari aweza kupima kasi ya mto kwa kijiti na saa, mahali palipo salama na chini ya uangalizi wa mwalimu, akalinganisha na mvua aliyoipima mdogo wake. Somo la historia liwaulize kwa nini mji ulienda kutafuta maji Aberdare. Somo la uraia liwafundishe kuandika barua kwa mwakilishi wao wa wadi, kwa Kiswahili sanifu, wakiuliza bomba la majitaka la kijiji chao liko katika ukurasa gani wa bajeti. Daftari la vipimo vya miaka mitano lililoandikwa na watoto wa Makina litakuwa ushahidi ambao hakuna ofisi itakayoudharau kwa urahisi.

Wala tusidhani kwamba jambo hili lakoma Kibera. Maji yatokayo kwenye bwawa letu huishia mto Athi, na juu ya mto huo linajengwa bwawa la Thwake huko Makueni na Kitui, kazi iliyoanzishwa mwaka 2018. Huko nako watu wamekusudiwa kunywa na kunyweshea mashamba. Kile tukishindwacho kukizuia Makina, mama wa Makueni atakutana nacho katika mtungi wake. Sisi ndio tulio juu kwake, kama walivyo wa Dagoretti kwetu. Hakuna mtu katika nchi hii asiye na jirani wa chini ya mto, na kwa sababu hiyo sioni kwa nini choo cha Kibera kiitwe msaada kwa maskini. Ni ukarabati wa bwawa, na kihesabiwe hivyo katika bajeti ijayo.